Sheria Tatu za Kujificha

Kazi yangu hospitalini ni kutafuta vitu. Sitibu, sifagii, siandiki majina ya wagonjwa mapokezi. Natafuta. Jengo letu lina ghorofa sita, mashine za dripu mia mbili na kitu, viti vya magurudumu themanini, na wafanyakazi ambao kila mmoja anaapa kwamba kitu alikirudisha palepale alipokitoa. Kila kimoja nimekibandikia kidude cha ukubwa wa kifungo cha koti kinachotoa mlio wa redio, mlio ambao sikio la mtu halisikii. Darini kuna visanduku vyeupe vinavyousikia. Ndani ya kila kisanduku mna antena nne, na kwa kulinganisha mlio umeifikia ipi kwanza, kisanduku kinakisia umetoka upande gani. Visanduku vitatu vikikubaliana, doti nyekundu inatokea kwenye kompyuta yangu. Visipokubaliana, na mara nyingi havikubaliani, nachukua antena ya mkono, ile yenye vijiti kama mifupa ya samaki, nakwenda kutafuta kwa miguu.

Wauguzi wananiita Mnusaji. Sikasirikii jina hilo. Nakasirikia mambo mengine mengi, foleni, maswali ya kurudiwarudiwa, watu wanaoongea polepole. Mama husema nilizaliwa nikiwa nimeshachelewa mahali.

Aliyenifundisha kutafuta ni baba. Alikuwa fundi wa redio, na watu wote walimwita Fundi, hata mama, hata wakiwa wanagombana. Nilipokuwa na miaka tisa alitengeneza kimtambo kidogo cha kurusha mawimbi akakitia ndani ya kopo la sabuni. Jumamosi mchana alikificha mahali ndani ya nyumba, mimi nikakitafuta kwa antena aliyoiunda kwa vipande vya waya na mpini wa ufagio. Nilipozoea kulipata kopo, akaanza kujificha mwenyewe, kopo likiwa mfukoni. Mtu mzima mwenye mvi, amejikunja nyuma ya pipa la maji. Mama alikuwa akipita na kapu la nguo na kusema, "Nimeolewa na mtoto, mwenzenu."

Mchezo ulikuwa na sheria tatu, na baba aliziandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lenye jalada gumu. Ya kwanza: mtafutaji ndiye anayesema "kajifiche", aliyejificha hajianzishi. Ya pili: aliyejificha hajibu, hata aitwe kwa jina, hata aambiwe chakula kiko mezani. Ya tatu: hatoki mpaka aguswe bega. Chini yake kulikuwa na adhabu. Saa moja ikipita hajapatikana, aliyejificha ameshinda, na aliyeshindwa anaosha vyombo vyote vya jioni.

Nimeosha vyombo vingi sana maishani mwangu.

Kurasa nyingine zilikuwa za kumbukumbu. Kila mchezo ulikuwa na mahali, saa ya kuanza, jina la mtafutaji, muda wa kupatikana. Akiwa amejificha alikuwa na penseli, akiandika mambo aliyoyasikia. Jioni tulisoma pamoja na kucheka. "Amepita mara ya tatu. Anamlaumu paka."

Na alinifundisha mambo ambayo sikuyakuta katika kitabu chochote chuoni. La kwanza ni kwamba ndani ya nyumba mawimbi yanadunda. "Bati ni umbea mtupu," alisema. "Halisemi la kwake, linasema la mwenzake. Ukisikia sauti inatoka kwenye bati, jiulize nani amelisimulia." La pili lilikuwa la mgongo. "Antena ikikuimbia sana usiiamini. Igeuzie mgongo hiyo sehemu inayoimba. Mwili wako umejaa maji, na maji yanakula mawimbi. Kama kitu kweli kiko nyuma yako, mgongo wako utakizima. Kama hakizimiki, umedanganywa." Nilikuwa na miaka kumi. Nilimwambia hiyo ni njia ya wazee, antena nzuri haihitaji mgongo. Akacheka, akaniambia niende nikaoshe vyombo.

Miaka miwili iliyopita alianza kusahau. Alianza na majina ya wateja, halafu njia ya kwenda dukani, halafu akasahau kwamba duka lilishafungwa. Mimi aliniita kwa jina la marehemu dada yake, na nilipomsahihisha aliomba radhi kwa adabu kama mtu aliyekanyaga mguu wa mgeni. Lakini mchezo hakuusahau. Daftari alilala nalo chini ya mto. Sukari ilipomtia kidonda mguuni akalazwa kwetu, wodi ya ghorofa ya tatu, daftari likaenda naye. Nami, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kutangatanga, nikaweka ndani ya simu yake programu ndogo ya kutoa mlio uleule unaotolewa na vidude vyangu, mara moja kila sekunde. Simu hakuiacha, ilikaa mfuko wa shati imefungwa kwa mpira kwa sababu kifuniko kilivunjika. Nilijiona nina akili sana. Baba yangu akawa doti kwenye kompyuta, pamoja na mashine za dripu.

Siku yenyewe nilipanda wodini kwake saa nne asubuhi kurekebisha kisanduku kilicho juu ya mlango. Nilikuwa nimechelewa, na mashine mbili za chumba cha upasuaji hazikuwa zinaonekana. Baba alikuwa ameketi kitandani, kipande cha mkate kimebaki nusu kwenye sahani.

"Mwanangu, leo tunacheza?"

"Baba, nina kazi."

"Kazi gani?"

"Natafuta mashine."

"Basi nitafute mimi. Mashine haina miguu, itakungoja."

Mzee wa kitanda cha jirani akacheka mpaka akakohoa. Nami nilitabasamu, nakiri. Lakini baada ya dakika mbili akauliza tena, kwa maneno yaleyale, na uso uleule wa mtu anayeuliza kwa mara ya kwanza. Nikajibu. Akauliza tena. Nilihesabu mara sita. Mara ya saba nilikuwa juu ya ngazi, bisibisi mkononi, skrubu mdomoni, na sikugeuza hata kichwa.

"Haya, Baba. Nenda kajifiche. Nitakutafuta."

"Umesema wewe?"

"Nimesema mimi."

"Sheria zilezile?"

"Zilezile."

Nilipata kimya changu, nikafurahi, nikakaza skrubu.

Saa saba kamili mchana simu ya ofisini kwangu ililia. Alikuwa Sista wa zamu wa wodi ile, mwanamke mnene mcheshi ambaye siku zote huanza kwa kuniuliza kama nimempatia mume aliyepotea.

"Mnusaji, Fundi yuko kwako?"

"Hayuko. Kwani?"

"Kitandani hayupo, chooni hayupo, veranda nimeangalia." Hakukuwa na mzaha sautini mwake. "Nimemchoma insulini saa sita na nusu. Toroli la chakula likachelewa. Limefika, yeye hayupo. Hajala, mwanangu. Na asubuhi hakula vizuri."

Hakuhitaji kumaliza. Mtu akichomwa sindano ile asipokula, sukari inashuka. Kwanza jasho, halafu mkono unatetemeka, halafu anachanganyikiwa, halafu analala, na usingizi ule si wa kuachiwa. Kwa mzee dhaifu kama yeye tulikuwa na saa moja, labda na kidogo.

Nilipiga simu yake. Sauti ya yule mwanamke asiyechoka ikaniambia namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Programu yangu haihitaji mtandao; nikafungua kompyuta. Doti ya baba ilikuwa ghorofa ya tatu, mwisho wa korido ya mashariki, inacheza mbele ya lifti ya mizigo. Nikachukua antena ya mkono nikapanda ngazi mbilimbili.

Naomba niaminiwe hapa. Sikukumbuka nilichomwambia asubuhi. Mtu hakumbuki neno alilolitupa ili apate kimya.

Korido ya mashariki haina watu wengi. Upande mmoja una lifti ya mizigo, milango yake ya chuma inayong'aa. Mbele yake, ng'ambo ya korido, kuna chumba cha zamani cha eksirei, ambacho hakitumiki tangu mashine mpya iwekwe ghorofa ya chini. Zaidi ya hapo kuna stoo ya mashuka na ngazi za dharura. Nilisimama kwenye kona ya korido, nikanyoosha antena, nikaizungusha taratibu. Namba za nguvu ya mlio, kwenye kioo kidogo cha mpini, zilipanda ilipoelekea lifti. Nikasogea, zikapanda zaidi. Mlango wa lifti ulipofunguka namba zikaruka, ulipofungwa zikarudi. Nikasema, basi, yumo. Ama yuko ndani ya lifti anapanda na kushuka, ama, Mungu apishe mbali, ameingia kwenye shimo lake.

Mlinzi alikuwa akikagua vyumba. Alifika mlango wa eksirei, akaona kibao cha "Hakitumiki" na kufuli kubwa linaning'inia, akanitazama.

"Na humu?"

"Humo haiwezekani," nilimwambia, na nilimwambia kwa ukali kwa kuwa alinipotezea muda. "Kuta zake zina mabamba ya risasi ya kuzuia mionzi. Mlango pia. Mlio wa redio hauwezi kutoka humo. Angekuwemo, nisingemsikia kabisa. Nenda stoo."

Akaenda stoo. Kufuli hakuligusa, na mimi sikuligusa. Mtu asiyejua chochote kuhusu mawimbi angelivuta tu, na lingefunguka mkononi mwake, kwa sababu lilikuwa limetundikwa bila kufungwa, kwenye pete ya mlango tu, pasipo kushika fremu. Mimi nilikuwa najua mno.

Tulimwita fundi wa lifti. Alikuja na funguo zake na simulizi zake, nikamkatiza simulizi. Tukaisimamisha lifti. Ndani hamna mtu. Akafungua mlango kwa ufunguo wa pembetatu, akamulika shimoni kwa tochi, juu, chini. Hamna. Nikanyoosha antena ndani ya shimo, namba zikashuka. Nikaitoa, zikapanda. Nikamwambia amulike tena. Sista alikuja na bakuli la chakula mkononi, akitembea korido nzima akiita, "Fundi! Chakula chako kinapoa, baba! Njoo ule!" Na mimi niliita. Mwanzoni niliita kama mtu anayeita mtu aliyechelewa. Baadaye niliita vingine.

"Baba! Baba, itika! Baba!"

Saa nane ikapita. Fundi wa lifti alitaka kwenda kuangalia paa la lifti kutokea ghorofa ya sita. Nikamwambia aende. Nikaegemea mlango wa lifti, mgongo wangu wote kwenye chuma cha baridi, antena nimeikumbatia kifuani kama mtoto. Macho yakaanguka kwenye namba.

Zilikuwa zimepanda. Zilikuwa juu kuliko wakati wowote tangu nifike pale.

Mgongo wangu ulikuwa umeziba lile bati. Kama mlio ungekuwa unatoka kwenye lifti, ungezimika. Haukuzimika. Ulikuwa unanipiga kifuani, kutoka mbele. Nikainua macho, mbele yangu kuna mlango wa eksirei, hatua sita, na kati ya mlango na fremu yake kuna ufa mwembamba wa upana wa kidole. Risasi inazuia mawimbi, kweli. Lakini ufa si risasi. Mlio ulikuwa unatokea kwenye ule ufa, unakwenda moja kwa moja kugonga chuma cha lifti, na lifti ikautangaza korido nzima. Bati ni umbea mtupu.

Nilivuta lile kufuli. Lilitoka lenyewe.

Ndani mlikuwa na giza la kijivu na vumbi, viti vibovu, na ile ngao ambayo mtaalamu wa eksirei husimama nyuma yake. Alikuwa ameketi sakafuni nyuma ya ngao, mgongo ukutani, miguu ameikunja ili isionekane. Shati lilikuwa limelowa. Kichwa kimeinama. Penseli ilikuwa imeanguka karibu na kidole chake, na pajani palikuwa na karatasi iliyochanwa kwenye daftari.

Nilimgusa bega.

"Nimekupata, Baba," nilisema. "Nimekupata. Toka."

Alikuwa anapumua. Nilipiga kelele, Sista akaingia mbio, bakuli likapasuka mlangoni. Wakamlaza, wakamchoma glukosi, wakambeba. Kila mtu alimtazama yeye. Mimi niliokota karatasi nikaitia mfukoni, na mpaka leo sijui kama niliiokota kama binti au kama mwizi.

Hakuamka. Sukari ilipanda, daktari alisema, lakini ubongo ulikuwa umekaa na njaa muda mrefu mno. Siku ya tatu alfajiri, mama akiwa ameushika mkono wake wa kushoto na mimi wa kulia, alipumua, akangoja kidogo, hakupumua tena. Mama akasema, "Fundi?" Kama mtu anayemuuliza aliyeko chumba cha pili.

Ile karatasi niliisoma chooni, siku ileile nilipompata, kabla damu haijarudi usoni. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja kinyume. Wangu hakungoja kuzaliwa na mtu, alikuja siku hiyohiyo.

Baada ya mazishi nilirudi kazini Jumatatu. Watu walinipa pole. Walinishika mkono kwa mikono miwili na kuniambia nilifanya kila nililoweza. Halafu fundi wa lifti akaniambia kwamba Sista amesimamishwa kazi. Mgonjwa amechomwa sindano, hajalishwa, ametoka wodini bila kuonekana. Kikao ni saa tano, kwa Matroni. "Wanasema alizembea," alisema. "Lakini mzee mwenye akili iliyopungua, angejuaje atakwenda wapi? Amejificha yeye mwenyewe tu, bila sababu."

Nilikaa ofisini natazama doti zangu. Nilifikiri nitakaa tu. Sista ana miaka ishirini kazini, watampa barua, yatapita. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilijiambia maneno hayo yote, na kila neno lilikuwa kweli, na hakuna hata moja lililonisaidia kukaa kitini.

Saa tano na dakika tano nilibisha mlango wa Matroni. Sista alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni, amevaa nguo za nyumbani. Sikuwahi kumwona bila sare. Nilisema nina kitu cha kusoma. Matroni akasema si wakati wake. Nikasoma.

"Mahali: chumba cha eksirei. Saa: sita na dakika thelathini na tano. Mtafutaji: binti yangu, amesema mwenyewe asubuhi. Nimengoja korido iwe tupu.

"Saa saba. Kimya.

"Saa saba na robo. Amefika. Ana antena. Anafuata lifti, bati limemdanganya. Nacheka moyoni. Nisimsaidie.

"Wanasema chakula kimekuja. Mtego wa zamani. Ila nina njaa kweli.

"Jasho. Chumba kina joto.

"Ananiita. Sauti yake si ya mchezo. Nimetaka kuitika. Lakini nikiitika atasema nimevunja sheria, atakasirika. Hapendi kupotezewa muda.

"Yuko karibu sana. Atageuza mgongo. Nilimfundisha."

Baada ya hapo kulikuwa na mistari isiyosomeka, penseli ikiteleza mpaka ukingo wa kulia wa karatasi.

Nikawaambia yaliyobaki, ngazi, bisibisi, mara saba, zilezile. Na habari ya kufuli nikawaambia. Matroni alivua miwani, akaikunja, hakuivaa tena. Nilipewa barua ya onyo wiki iliyofuata, na Sista akarudishwa kazini. Pale koridoni, siku ya kikao, alinisimamisha. Nilidhani atanikumbatia. "Ungesema siku ileile," alisema. "Nimekaa siku sita nikiamini nimemuua Fundi." Akaenda zake. Tunasalimiana. Swali la mume aliyepotea hajaniuliza tena.

Lakini Matroni na Sista walikuwa mlango wa nje tu. Mlango wa ndani ulikuwa mama.

Nilifika nyumbani jioni. Alikuwa jikoni kwenye kiti kifupi, amepakata daftari. Kwenye karai mlikuwa na vyombo, maana ndugu wengine walikuwa bado hawajaondoka, walikuwa wamekula wakatoka kununua maji. Nilimpa karatasi. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari, midomo ikitembea. Alipofika "nilimfundisha" kidole kilirudi mwanzo wa mstari.

"Mama, ni mimi niliye…"

"Najua."

"Unajuaje?"

Alifungua daftari ukurasa wa kwanza, akanigeuzia. "Sheria ya kwanza ni ipi? Miaka thelathini nimeishi na mchezo huu ndani ya nyumba. Baba yako alisahau jina langu. Alisahau kama ameoa. Lakini hakuwahi kujificha bila kuambiwa." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo lilinichoma kuliko kilio. "Nilijua tangu daktari aliponiambia walimkuta nyuma ya ngao. Nikasema, kuna aliyemwambia. Na mtafutaji wake ni mmoja."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuwa nakungoja utoke mwenyewe."

Nililia basi. Nilimwekea kichwa mapajani, juu ya daftari, mtu mzima na kitambulisho cha kazi kikining'inia shingoni, nikalia mpaka pua ikaziba. Hakuniambia si kosa langu. Nashukuru hakuniambia. Alinipapasa kichwa, na baadaye akasema, "Alikungoja kwa furaha, lakini. Hilo nalo limeandikwa." Na kweli lilikuwa limeandikwa, na ndiyo sehemu ninayoshindwa kuibeba.

Aliichukua karatasi, akaipachika mahali ilipochanwa, ikakaa sawasawa. Akaninyooshea penseli.

"Hajamaliza ukurasa. Malizia."

Chini kabisa, kama kwenye kila ukurasa, baba alikuwa ameacha nafasi. Niliandika: Muda wa kupatikana, saa moja na dakika arobaini. Nikafuta, nikaandika upya. Mama alichungulia juu ya bega langu, akaangalia saa ya kuanza, akahesabu kwa vidole, akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa.

"Imepita saa moja," alisema.

"Imepita."

"Basi vyombo viko kwenye karai."

Nikakunja mikono ya gauni. Sahani zilikuwa kumi na moja, sufuria mbili, vijiko sikuhesabu. Chini kabisa palikuwa na kikombe chake cha bati, safi, kikavu, hakuna aliyekinywea tangu alazwe. Nilikiosha hata hivyo, nikakisuuza mara mbili, nikakifuta, nikakirudisha mahali pake.